Laini ya Hulugho Kwenye Kumi na Tisa

Jumatano, 28 Januari 2026

Joto! Feni ya ofisi imekufa tena. Ya chumba cha seva inazunguka bila wasiwasi – hapa Garissa mashine inapepewa kwanza, binadamu baadaye. Buibui limenigandama mgongoni tangu asubuhi.

Haya nayaandika kwa Kiswahili, kile cha shule ya bweni ya Voi, kwa sababu nyumbani hakuna wa kukisoma kwa hiari yake. Hooyo, mama yangu, akiniona naandika anadhani ni kazi ya ofisi. Afadhali.

Leo adeer Alio alikuja – adeer ni ami, namwita hivyo kwa heshima tu. Ni mjumbe wa Griftu kwenye kamati ya maji, mzee wa ngamia wengi na maneno mengi zaidi. Alipewa kiti, hakukaa. Alisema mbele ya wote kwamba Hulugho wakiomba maji lori linatoka siku ile ile, na Griftu wakiomba wanangoja mpaka kesho yake. Kisha akaninyoshea bakora.

"Huyu msichana ni ya Hulugho. Mashine nalala mkononi yake. Sasa mashine imejua nyumbani kwao ni wabi."

Nilitaka kucheka. Nilimtazama Mursal, mkuu wetu, nikaona yeye hacheki. Anaangalia viatu vyake.

Ajabu ni kwamba mashine ililetwa kwa sababu hiyo hiyo! Zamani watu walipiga simu, mwenzangu Sahra akipokea. Kumsikia mtu kidogo tu, hata salamu hajamaliza, umeshajua anatoka wapi, ni wa ukoo gani, dada yake ameolewa na nani. Kila lori lililotoka lilileta wazee mlangoni. Ndipo tukapewa seva, ninayoitunza mimi. Mtu anatuma ujumbe wa sauti kwa Kisomali, mashine inasikiliza na kuandika maneno, Sahra anapata maandishi makavu na kupanga malori. Sauti yenyewe inafutwa. Hakuna mtu anayeisikia, ilitengenezwa makusudi hivyo. Mashine haina ukoo. Na bado!

Hulugho inatoka haraka kwa sababu jumbe zao ni chache. Mlingoti wa simu kule uko chini tangu Novemba. Mtu anapanda pikipiki mpaka aguse mtandao, anatuma, anarudi. Griftu wana mtandao, wanatuma asubuhi na mchana na jioni, wengine wanatuma salamu tu. Nilimweleza Alio yote haya pole pole. Akasema hayo ni maneno ya kompyuta.

Nimeumia. Sijawahi kumpa mtu wa kwetu hata jerikeni moja asiyostahili.

Alhamisi, 29 Januari

Mursal kaniita. Anaogopa. Anasema Alio akipeleka maneno haya msikitini na redioni, kesho malori yatapigwa mawe njiani. Tuonyeshe kitu, alisema. Chochote ambacho mzee anaweza kukiona kwa macho.

Na mimi, mwerevu wa Voi, nikapata wazo.

Nilimweleza Sahra tukinywa chai. Aliuliza hiyo renice ni kitu gani. Nikamwambia ni amri tu. Unaiandika kwenye kile kidirisha cheusi, unataja programu ambayo tayari inakimbia, unaipa namba. Namba ndiyo adabu yake. Ya kawaida ni sifuri. Ikiwa chini ya sifuri, programu inasukuma wenzake na kula kwanza. Mwisho wa juu ni kumi na tisa – hapo inawapisha wote, inakula makombo ya prosesa. Kila laini ya kuombea maji, Griftu, Liboi, Hulugho, ina programu yake, na zote zinakimbia chini ya akaunti yangu. Kwa hivyo naweza kuishusha yoyote.

Na kuipandisha? Hapo ndipo penye sheria ya ajabu. Mwenye programu anaweza kuishusha apendavyo, lakini hawezi kuirudisha, hata pale pale ilipokuwa. Kurudisha ni kazi ya root, akaunti kuu ya mashine. Sahra akasema basi aliyetunga hiyo sheria lazima aliishi na mama mkwe.

Nitaiweka laini ya Hulugho kwenye kumi na tisa mbele ya macho ya Alio. Ya mwisho kabisa. Na siri yangu hapa: haitabadilisha kitu! Mashine yetu ina nafasi tele, nusu ya siku imelala. Kupisha watu kwenye chumba kitupu hakukucheleweshi wewe mwenyewe. Alio atapata heshima yake, Hulugho watapata maji yao, na mimi nitaitwa mtu wa haki.

Jumamosi, 31 Januari

Maslaha, kikao cha suluhu, imekaa. Kamati yote, zulia, chai ya maziwa ya ngamia, halwa. Mursal alitoa hotuba ndefu. Mimi nilileta kompyuta ndogo katikati ya zulia, nikaandika amri huku wazee wameinama juu ya skrini. Skrini ikajibu: kipaumbele cha zamani sifuri, kipya kumi na tisa. Nikamwonyesha Alio kwa kidole. Huyu wa chini kabisa, adeer, ndiye Hulugho.

Alitazama kwa muda. Halafu akauliza swali ambalo sikulitegemea: na nani atanizuia kuirudisha nikifika ofisini? Nikamwambia siwezi, inahitaji paswadi ya root. Akauliza paswadi anayo nani. Mursal akasema anayo yeye. Wazee wakatazamana.

Basi wakaamua kama wanavyoamua mambo ya mali ya watoto yatima. Paswadi mpya, nusu kwa nusu. Mursal aliandika kipande chake sisi wote tumegeuza nyuso. Kisha Alio akaandika chake kwa kidole kimoja, amefunika kibodi kwa kilemba, anahema kama anafua nguo. Wote wawili wakaandika mara ya pili kuthibitisha. Ikakubali. Root ya seva yetu sasa inakaa kwenye vifua viwili na haifunguki mpaka vikutane.

Tukasoma Fatiha. Nami niliinua mikono. Kipaumbele hakitaguswa ila mbele ya kamati, na hakuna mfanyakazi atakayeleta ombi la maji kwa mdomo, hata akipigiwa na nani. Kila ombi lipite kwenye mashine.

Alio aliniita binti yangu wakati wa kuondoka. Nikafurahi, kusema kweli. Nilifurahi kama mjinga.

Jumatatu, 2 Februari

Ilivyo ndivyo nilivyosema. Ujumbe wa Hulugho ulioingia asubuhi ulikuwa umeandikwa kabla hata chai haijachemka. Lori likatoka. Hakuna kilichobadilika ila uso wa Mursal, umenenepa.

Hooyo anauliza kila jioni kama Habibo amepiga simu. Habibo ni dada yangu mkubwa, yuko na mumewe Shuaib na watoto na mbuzi, mbele ya Hulugho kule bwawani. Namwambia mlingoti uko chini, hooyo, atapigia wapi? Anasema wengine wanapiga. Kweli, wanaopanda pikipiki wanapiga. Habibo hajapiga tangu habari za Alio zilipoenea, na zimeenea mpaka Liboi.

Labda hawana mafuta ya pikipiki.

Alhamisi, 5 Februari

Wataalamu wa Nairobi wameanzisha kazi yao kwenye seva yetu. Ramani ya malisho – picha za setilaiti za miaka mingi, zinapikwa pamoja kutoa ramani moja ya rangi kwa ajili ya wageni wanaolipia malori. Wana akaunti yao wenyewe, wanaingia kutoka huko huko. Mursal aliwakubalia zamani na akasahau kuniambia.

Mashine inanguruma. Chumba cha seva kimekuwa jiko.

Ijumaa, 6 Februari

Hulugho kimya. Sahra akasema alhamdulillahi, pengine wamepata mvua kidogo, au wamechoka kuomba. Nikasema alhamdulillahi. Tulienda swala ya Ijumaa na mioyo myepesi.

Griftu na Liboi maombi yanamiminika. Malori yote yameelekea huko. Alio amepiga simu kushukuru! Anaelekea kwa ngamia wake magharibi ya Griftu, anasema, tusimtafute.

Jumapili, 8 Februari

Nilikwenda ofisini peke yangu kuangalia joto la mashine. Nikafungua orodha ya programu zinazokimbia, kwa mazoea tu.

Prosesa zote zimejaa. Ramani imezikalia zote, kila kipande chake kiko kwenye sifuri, vipande vingi kama kunguni. Griftu na Liboi nazo ziko kwenye sifuri, zinagombania na zinapata. Na chini kabisa, laini ya Hulugho. Inapata asilimia moja. Mara nyingine haipati hata hiyo.

Hawajanyamaza. Wanaongea! Jumbe zimepangana humo ndani, zinangoja kusikilizwa, na mashine inawasikiliza neno baada ya neno kati ya makombo inayotupiwa. Nilikaa chini sakafuni.

Chumba si kitupu tena. Na mimi ndiye niliyeifundisha Hulugho adabu.

Nikaandika amri nikijua jibu lake. renice, sifuri, namba ya programu. Ruhusa imekataliwa. Nikaandika tena, eti labda. Imekataliwa.

Jumatatu, 9 Februari

Siku mbaya. Niandike kwa mpangilio nisije nikachanganyikiwa.

Kwanza Mursal. Nilimweleza huku nimesimama. Alifunika uso kwa viganja. Sikuona ukaidi, niliona mtu aliyeshikwa pabaya. Alisema angetaka kuirudisha sasa hivi, akale lawama baadaye, wallahi angetaka.

"Ruweyda, mimi nina nusu tu."

Na Alio yuko porini na ngamia. Simu yake haishiki.

Pili Nairobi. Niliwaandikia: ramani yenu ishusheni ninyi wenyewe, mnaweza, ni amri moja, watu wana kiu. Wamejibu kwa adabu kubwa. Wanasikitika. Wamesikia kwamba root imekatwa vipande viwili, na wakishusha ramani yao hawataweza kuipandisha tena, na wageni wanakuja wiki ijayo. Wamemaliza kwa kututakia kila la heri. Nilimtaka Mursal awalazimishe. Akasema bila ramani wageni hawalipi, na wasipolipa hakuna lori la Hulugho wala la mtu yeyote. Nilitamani kumpiga na kiti. Lakini hasemi uongo.

Tatu, mimi. Naweza kuiua programu ya Hulugho. Ni yangu, haihitaji ruhusa ya mtu. Nikiianzisha upya itazaliwa kwenye sifuri, safi, na itagombania kama wenzake. Lakini sauti zinazongoja haziko kwenye diski. Ziko kwenye kumbukumbu ya programu yenyewe, ili mtu kama mimi asizichote na kuzisikiliza. Nikiiua, zinakufa nayo. Wote waliopanda pikipiki kwenda kutafuta mtandao watakuwa wamesema na hewa, na hawatajua. Watarudi kukaa na kungoja lori.

Nikizima umeme, ni yale yale.

Na kuiua ni kuirudisha sifuri kwa mlango wa nyuma. Nilisomea Fatiha kinyume cha hilo. Ingekuwa kiapo tu basi, ningekivunja leo, Mungu anihukumu. Ni zile sauti.

Sahra alisema tumtume dereva tu kule bwawani kwa Habibo, tunapajua. Mursal akasema ombi liko wapi? Tulisema hakuna ombi la mdomo, na wa kwanza kuvunja kiapo awe Ruweyda, kwa dada yake? Alio hana haja ya kurudi, wengine watachoma ofisi kwa niaba yake. Nilinyamaza. Nilinyamaza kwa sababu naliona kabisa hilo.

Jumanne, 10 Februari

Hooyo anajua. Sijui nani amemwambia. Hakupiga kelele. Aliniuliza tu, hiyo mashine umeipanga hivyo mwenyewe kwa mkono wako? Nikasema ndiyo. Akaendelea kuchambua mchele.

Alipomaliza akasema: "Waliokusema ulikuwa unawaogopa kuliko waliokuzaa."

Sijalala chakula cha mchana wala cha jioni – yaani sijakila. Hata kuandika sasa siwezi.

Alhamisi, 12 Februari

Umetoka mmoja!

Asubuhi Sahra aliniita. Ujumbe wa Shuaib, mume wa Habibo. Ulitumwa wiki iliyopita, siku ile ramani ilipoanza. Alisema bwawa limebaki tope, mbuzi wanaanguka, watoto wanaumwa tumbo kwa kunywa yale matope, boma zao zote pamoja wanaomba lori moja. Akataja mahali. Hakutaja jina langu wala la dada.

Ombi ni ombi! Limepita kwenye mashine, halina mdomo wa mtu. Sahra alipanga lori hata kabla sijamaliza kusoma. Dereva ni Abdihafid, anayeijua ile njia. Ameondoka na redio ya upepo garini, ya kuongea nasi bila mlingoti.

Nimeswali rakaa za shukrani kwenye korido. Niliporudi nikatazama tena skrini. Nyingine bado zimo ndani. Inaanza inayofuata.

Ijumaa, 13 Februari

Abdihafid amefika. Hakuna watu.

Alizungumza na Sahra kwenye redio ya upepo, sikuwa chumbani. Sahra alinisimulia akiwa ameshika mkono wangu, na hapo nikajua kuna jambo. Boma zimevunjwa, miti ya nyumba imechukuliwa, wamehama. Mizoga ya mbuzi pande zote. Tope limekauka likapasuka. Kando ya pale palipokuwa na nyumba kuna kaburi jipya, limezungushiwa miiba fisi asifukue.

Niliuliza kaburi la nani. Abdihafid hajui, hakukuwa na mtu wa kuuliza. Niliuliza ukubwa wake. Sahra akasema ni dogo.

Habibo ana watoto wawili, Ilhan na mdogo wake wa kunyonya. Lakini boma zilikuwa nyingi. Watoto walikuwa wengi. Najilaumu hata kwa kuandika hivyo, ni kama naomba awe wa mwenzangu.

Hooyo sijamwambia. Ameniona usoni, hakuuliza.

Abdihafid amerudi mpaka Hulugho na lori lililojaa. Nyayo alizoziona zimegawanyika njia mbili. Waliobaki mjini wengine wanasema wamekwenda upande wa mpaka, wengine wanasema upande wa msitu. Hana dizeli ya kote kuwili, na upande wa mpaka haruhusiwi bila askari. Watu wa mjini wamelizunguka lori na mitungi yao. Nao wana kiu. Anauliza afanye nini.

Sahra amemwambia angoje. Wakihama mtu hutuma ujumbe kusema wamehamia wapi, ndivyo walivyofundishwa wote. Huo ujumbe kama upo, umo humo ndani ya mashine.

Nilikaribia kuiua programu leo. Kidole kilikuwa juu ya kibonyezo. Sasa nashukuru sikufanya, na sijui kama ni ushujaa au ni uoga umebahatika.

Jumamosi, 14 Februari

Alio amepatikana. Jamaa zake walimfuata kwa gari mpaka machungani, wakamleta mahali penye mtandao. Mursal aliweka simu mezani tumsikie sote. Nilimweleza mwenyewe. Nilisema mpaka kaburi.

Alio akauliza kwa nini hatukumtafuta mapema. Nikasema tulikutafuta, adeer. Akasema yeye hakutaka hivi.

"Mimi sikutaka mtoto ya mtu akose maji. Nilitaka haki tu. Haki, bas."

Mursal akamwomba ataje nusu yake ya paswadi pale pale kwenye simu. Alio akakataa. Si kwa ubaya – nilimsikia, sauti yake ilikuwa ya mtu anayelia. Alisema akiitaja kwa simu Mursal atakuwa na zote mbili, na Fatiha ilisomwa, na kesho watu wa Griftu watamwuliza aliuza nusu yao kwa bei gani. Atakuja mwenyewe, aiandike kwa kidole chake. Anaondoka sasa hivi.

Nilimchukia kwa muda wote wa kumeza mate mara moja. Halafu nikakumbuka nani aliyenyamaza siku ya Jumatatu, wakati Mursal aliposema wa kwanza kuvunja asiwe Ruweyda. Tunafanana mimi na huyu mzee. Wote wawili tunaogopa watasema nini.

Jumapili, 15 Februari

Naandika nikiwa mezani kwa Sahra. Sitaki kuondoka mbele ya skrini.

Alio amekwama. Magari yote ya kutoka Wajir yamezuiwa kwenye kizuizi, kuna taarifa ya hatari barabarani, yanangoja kusindikizwa. Amempigia Mursal mara kadhaa. Alijaribu kuja kwa miguu, askari wakamrudisha. Mzee wa umri ule!

Nairobi wanasema ramani inaendelea vizuri.

Abdihafid bado yuko Hulugho. Amewagawia watu wa mjini maji kidogo wasije wakalifungua lori kwa nguvu. Yaliyobaki yanatosha boma za Shuaib, anasema, kama ataambiwa leo. Tangi linavuja kwenye koki.

Na mashine imeanza ujumbe unaofuata. Tangu asubuhi tunautazama ukitoka. Neno, halafu kimya. Neno, halafu kimya, halafu kimya tena. Sahra analisoma kila moja kwa sauti ya chini. Naunakili hapa kwa Kiswahili changu, kama ulivyotoka mpaka sasa:

Asalaam aleikum. Mimi ni Habibo, mke wa Shuaib. Shuaib ni mgonjwa, nimekuja mimi. Hapa nina mtandao, ningeweza kumpigia dada yangu anayefanya kazi kwenu. Sikumpigia, asije akasemwa. Ninaomba kama watu wengine. Tulimzika

Hapo palisimama mpaka adhuhuri. Nilikwenda kuswali na nikarudi, hapajasogea. Sahra alikuwa ameacha chai yake ikapoa na utando juu. Hakuna aliyetaja neno lile lililokuwa linakuja. Lilipotoka lilikuwa Ilhan.

Mwenye meno ya mbele yaliyopishana. Aliyekuwa akiniita habaryar, mama mdogo, kwenye simu kisha anakimbia kabla sijajibu.

Sahra alisimama anikumbatie, nikamwambia keti, soma. Mtoto wa kunyonya yuko hai, ujumbe unasema hivyo. Yuko hai siku ile ulipotumwa. Habibo anasema maziwa yamemkauka. Kisha:

Msije bwawani. Tumehama. Sasa tuko

Ni alasiri. Mursal amesimama mlangoni na simu sikioni, anaongea na kizuizi, anawaita wale askari ndugu zangu, ndugu zangu. Hooyo amekuja ofisini, hajawahi kuja. Ameketi kwenye kiti kile Alio alichokikataa, tasbihi mkononi, anaitazama mashine. Hakuna aliyemweleza na hajauliza.

Chini ya orodha, kumi na tisa. Asilimia moja. Sasa sifuri. Sasa moja.

Redio imeita. Ni Abdihafid, injini inasikika nyuma yake, amewasha tayari. Anauliza, wako wapi? Sahra amenitazama mimi. Nimechukua kipaza sauti nikamwambia angoje, neno linakuja.